Kulifuata Tope la Lwambasa

24 Februari

Nimefika Mahango! Bodaboda imenishusha nikiwa na matope hadi kwenye nyusi, furushi la nondo begani na kreti mbili za chupa tupu. Dereva aliniuliza kama nimekuja kufungua duka la soda. Nikamwambia nimekuja kupima mto.

"Unaumwa nini?" akauliza. Tukacheka wote wawili.

Nimejiahidi kuandika masika yote, kwa hiyo nianze vizuri. Mimi ni Yunis, mtoto wa Kibaoni pale Ifakara. Nilimaliza chuo Morogoro mwaka jana na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza. Mto Lwambasa ni mdogo, lakini kila masika unakula kingo zake na kuyasogelea mashamba ya mpunga, na tope lake linashuka hadi Kilombero. Mradi unataka kujua kingo zinaliwa kiasi gani, na tope hilo linatoka wapi hasa. Mkuu wangu, Bwana Evod, yuko ofisini Ifakara. Huku niko peke yangu. Mama yangu bado hajaelewa. "Miaka yote ile chuoni ulikuwa unasomea matope?" Ndiyo, mama. Na ninayapenda.

Nimepanga kwa Mama Marsiana, mjane na mkulima wa mpunga. Nyumba yake iko kwenye kona ya mto, na ukikaa jikoni kwake unausikia unavyopita. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku tayari anasonga ugali. Kambale wake wa kukaushwa, sijapata kula kitu kama kile.

"Kwa hiyo umekuja kumtafuta anayetuharibia mto," akasema.

"Nimekuja kupima, mama."

"Usijisumbue kupima. Ni ng'ombe wa Nkwabi."

Nkwabi ni mfugaji, Msukuma aliyehamia hapa na familia yake miaka mingi iliyopita. Anaishi ng'ambo. Mifugo yake inavuka mto kwenye kivuko kilicho juu kidogo ya kona hii. Kwa kweli hata mimi, kabla sijafika, nilikuwa na wazo hilohilo.

26 Februari

Kazi ya nondo ni rahisi mpaka inafurahisha. Unaigongelea ukingoni ikiwa imelala, inazama ndani ya udongo, unabakiza ncha ndogo ikichungulia. Mto ukila ukingo, nondo inatokeza zaidi. Unapima kilichotokeza, basi, mto umekiri wenyewe.

Nimechagua sehemu tatu. Ya juu kabisa ni kwenye miti mikubwa ambako hapaguswi na mtu. Ya kati ni kivukoni. Ya chini ni kona ya Mama Marsiana. Kila mvua ikinyesha nitachota maji pia, niyachuje, nikaushe tope lililobaki na kulipima uzito. Watoto wamenipa jina: Dada Nondo.

1 Machi

Jua kali. Mto umelala.

4 Machi

Nimegombana na mtu! Nilikuta nondo zangu za kivukoni zimepinda, nyingine zimekanyagiwa chini kabisa. Nkwabi mwenyewe alikuwa amesimama ng'ambo, mrefu, fimbo mabegani, anawangoja ng'ombe wamalize kunywa.

"Baba, ng'ombe wako wameniharibia kazi!"

"Vyuma vyako vinaweza kumtoboa ng'ombe mguu," akajibu bila kupandisha sauti. "Ulikuja kuniuliza wanapita wapi kabla ya kuvichomeka?"

Nikaondoka nimenuna. Mkewe, Minza, alikuwa nyuma yake amebeba kibuyu cha maziwa, anacheka waziwazi. Watu jeuri hawa. Mama Marsiana alipiga makofi niliposimulia. "Si nilikwambia?"

9 Machi

MVUA!

Ilianza mchana kwenye milima, tukaiona inakuja kama ukuta. Nilikimbia na chupa zangu mpaka kwenye miti mikubwa, nikachota, nikashuka hadi kivukoni, nikachota, nikashuka hadi konani. Gambuti moja lilijaa maji, nikalivua na kuendelea mguu mmoja peku. Mto umebadilika mbele ya macho yangu, kutoka chai ya rangi hadi chai ya maziwa, kisha uji wa ulezi. Nilipiga kelele peke yangu mvuani kama mwendawazimu. Hakuna siku chuoni iliyofanana na hii, hata moja.

15 Machi

Nimerudi kutoka Ifakara, nilikokwenda kukausha na kupima tope. Kuna kitu hakikai sawa.

Nondo za kwenye miti mikubwa hazijasogea. Sawa. Za kona ya Mama Marsiana zimetokeza mkono mzima, na mbili zimeanguka na udongo wake. Inatisha, lakini ilitarajiwa. Kivukoni nilichomeka mpya baada ya zile kupinda, na hapo nilipotarajia maafa, zimetokeza kidogo tu.

Halafu maji. Kwenye miti mikubwa ni masafi. Kivukoni ni tope tupu. Lakini nilichotea upande wa juu wa kivuko, kabla maji hayajafika kwenye kwato za ng'ombe hata mmoja! Tope linakuja tayari limeshaiva.

Nilimpigia Bwana Evod, ambaye sikumkuta ofisini Ifakara. Akasema, "Mvua moja haisemi kitu, Yunis. Rudia. Ukipata jibu hilohilo mara ya pili, nipigie hata kama niko kanisani."

22 Machi

Siku kubwa.

Mvua ilinyesha asubuhi. Nilitaka kupanda na mto hatua kwa hatua, kutoka kivukoni kwenda juu, nikichota kila baada ya umbali mfupi mpaka maji yabadilike rangi. Njia ya kijiji huwa inazunguka mbali na mto sehemu ile kwa sababu ya matete, ndiyo maana sikuwahi kupita hapo. Peke yangu nisingeweza, matete yamenizidi urefu na kuna mamba. Minza alikuwa kivukoni anaosha vyombo. Nikajikaza.

"Dada Minza, utanisindikiza?"

Alinitazama, akautazama ule mzigo wangu wa chupa. "Siku ile ulikuwa na hasira."

"Nilikuwa. Na Baba Nkwabi alikuwa sahihi, sikuwauliza."

Akachukua panga la mumewe na kutangulia, anafyeka. Tulichota: tope. Tukasogea, tukachota: tope. Minza naye akanogewa, akawa ananyanyua chupa juani na kutangaza kwa sauti kabla yangu. "Tope! Tope bado!" Tulikuwa tumelowa, tumekatwa na matete mikononi, tunacheka. Kisha nikachota tena na chupa ikaonyesha vidole vyangu upande wa pili.

"Maji!" Minza akapiga kelele. "Haya ni maji!"

Tulikuwa tumekipita chanzo cha tope. Tukarudi nyuma taratibu, tukakiona. Mfereji mrefu ulionyooka, umechimbwa na watu kukata tumbo la mto. Zamani Lwambasa ilizunguka hapo kwa upinde mkubwa, na njia yake ya kale bado ipo, kavu, imejaa magugu. Sasa mto wote unapita mferejini kwa kasi kama umepewa mteremko wa bure, na kingo za mfereji ni udongo mwekundu mtupu, unameguka vipande vikubwa vinavyolia bumu ndani ya maji. Wakati tumesimama pale vilianguka vitatu. Tope lote lilikuwa linazaliwa hapo, na ile kasi yote ilikuwa inaenda kujipiga kwenye kona ya Mama Marsiana.

Nilimkumbatia Minza. Akasema, "Wabeja," yaani asante, ingawa aliyepaswa kushukuru ni mimi.

Nilimpigia Bwana Evod. Hakuwa kanisani, lakini alipiga kelele kuliko mimi.

23 Machi

Furaha imeingia maji. Wakati wa chakula nilimuuliza Mama Marsiana nani alichimba ule mfereji.

"Sisi!" akasema kwa fahari. "Kiangazi cha mwaka juzi, kijiji kizima. Mashamba ya juu yalikuwa yanatuama maji, mpunga unaoza. Mwenyekiti Venance akasema tuunyooshe mto. Wanaume walichimba, mimi nilipika uji wa wachimbaji. Tuliimba mpaka jioni."

Nikamweleza. Nilijitahidi kwa upole, nikichora kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Uso wake ulikuwa unajifunga taratibu kama dirisha.

"Kwa hiyo ng'ombe hawana kosa, mwenye kosa ni mimi na uji wangu."

"Ng'ombe wana sehemu yao, mama. Ndogo."

"Umekula ugali wangu mwezi mzima," akasema, "halafu unakwenda kushinda na Wasukuma na kurudi na maneno haya."

Amelala bila kuniaga.

29 Machi

Mvua. Nimerudia kila kitu. Jibu ni lilelile.

Mama Marsiana ananiwekea chakula mezani na kwenda kula nje.

5 Aprili

Mkutano wa kijiji, kwenye baraza ya ofisi. Ajenda ilikuwa moja: kivuko kifungwe na wafugaji wahame baada ya mavuno. Mwenyekiti Venance ni mtu wa heshima na aliniruhusu kusema. Nilipanga chupa zangu mezani, kutoka juu ya mto kwenda chini. Nilisema yote, la mfereji na la kona na la kivuko.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Hizo chupa kazijaza wapi? Nani alikuwepo?"

"Dada Minza alikuwepo."

Kicheko kilipasuka. "Mwenyekiti, huyu binti kanyweshwa maziwa kule ng'ambo!"

Nkwabi alisimama. Alisema kwamba kivukoni kweli ng'ombe wake wanavunja ukingo, na yuko tayari kuvushia sehemu moja tu na kuitandika mawe, lakini hatakubali kubebeshwa mto mzima.  Venance mwenyewe ana shamba kule juu, na lile shamba linakauka vizuri kwa sababu ya mfereji. Nilimwona anazitazama chupa kwa muda mrefu, kisha akaangalia pembeni. Mikono ikanyanyuliwa. Baada ya mavuno, waondoke. Mkono wa Mama Marsiana nao ulikuwa juu.

Sikulia mpaka nilipofika mtoni.

8 Aprili

Mvua kutwa.

9 Aprili

Mvua. Nondo za konani siwezi tena kuzifikia.

14 Aprili

Naandika nikiwa kwa dada yake Mama Marsiana, nimevaa khanga ya kuazima. Kila nilichonacho kimelowa isipokuwa daftari hili, nililolifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Asubuhi nilitoka kwenda kutazama kona. Nondo zote zimekwenda. Nikageuka, nikauona ufa. Ulikuwa umejichora kwenye ardhi nyuma ya jiko, mwembamba, sambamba na mto, unapita kati ya jiko na nyumba. Niliingiza rula, ikazama yote. Nikaingiza mkono, nao ukazama mpaka kiwikoni, na chini nilisikia ubaridi wa maji.

Niliingia ndani mbio. "Mama, tutoke. Ukingo unaondoka leo."

"Nyumba hii ameijenga marehemu," akasema. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Mama, njoo uone."

"Nimechoka kuona vitu vyako."

Nikamshika mkono. Sijawahi kumshika mtu mzima mkono kwa nguvu namna ile. Nilimvuta mpaka kwenye ufa, nikauchukua mkono wake na kuutumbukiza mwenyewe. Alipousikia ule ubaridi alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Machi.

"Mpunga wangu," akasema. "Mbegu yangu yote iko ndani."

Magunia yale sisi wawili tusingeyaweza. Majirani walikuwa wanahangaika na maji ya kwao. Nikakimbilia kivukoni, nikasimama kando ya mto uliojaa, nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Minza alitokea, kisha Nkwabi. Nilieleza kwa ishara na vipande vya sauti.

"Watu wanaonifukuza," Nkwabi akapaza sauti kutoka ng'ambo, "nikawabebee mpunga?"

 Minza aligeuka, akawafunga maksai wawili nira ya mkokoteni kwa mikono yake mwenyewe na kuwaelekeza mtoni. Nkwabi alimtazama, akasema neno moja kali la Kisukuma, akamfuata na kushika pembe ya maksai mmoja. Maji yaliwafika kifuani. Mkokoteni ulielea, ukayumba, nikafumba macho. Nilipoyafumbua walikuwa wanapanda upande wetu.

Tulibeba. Magunia, sufuria, kitanda, kuku waliofungwa miguu, picha ya marehemu. Nkwabi alipanda juu na kung'oa mabati kwa panga. Mama Marsiana alikuwa anatoa amri kwa kila mtu, naye Nkwabi akazitii zote. Safari ya mwisho ilipokuwa inaondoka tulisikia sauti, siyo kubwa, kama mtu anashusha pumzi. Jiko lilikuwepo, halafu palikuwa na mto. Nyumba ilibaki imesimama kidogo na mlango wazi, ikainama kwa adabu, ikaenda.

Hakuna aliyeumia. Hakuna!

Mama Marsiana alisimama mvuani. Kisha akamwendea Nkwabi na kumwambia, "Nilinyanyua mkono siku ile."

"Nilikuona," Nkwabi akasema. Akawageuza maksai wake.

19 Aprili

Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha. Mama Marsiana alinigongea.

"Chupa zako siziamini. Nataka nichote kwa mkono wangu."

Akatafuta chupa mbili za mafuta ya kula, akaziosha mwenyewe kwa majivu. Njiani alipita kwa Mwenyekiti Venance na kumwita nje kwa jina, bila cheo. Akaja. Nyuma yake wakaja watu wengine, na mpaka tunafika kwenye matete tulikuwa kundi. Mimi sikugusa kitu. Nilikaa pembeni nikijiuma ulimi.

Alichota juu ya mfereji. Akashuka, akachota chini yake. Akazinyanyua zote mbili. Kupitia moja tuliona uso wake. Kupitia nyingine hatukuona kitu. Na wakati huohuo, kana kwamba mto umechoka kusubiri, kipande cha ukingo kikubwa kama chumba kikajiachia mferejini mbele yetu. Watu waliruka nyuma. Yule bwana wa kauli ya maziwa pale mkutanoni aliruka kuliko wote.

"Tulichimba wenyewe, Venance," Mama Marsiana akasema.

Venance alivua kofia. "Tukiuziba, shamba langu litajaa maji."

"Langu limeshaondoka na maji. Na nyumba."

  Venance alishuka, akachovya mkono wake kwenye tope, akautazama. "Nitaitisha mkutano upya," akasema. "Na safari hii ataanza kusema mama huyu."

24 Aprili

Mkutano. Wafugaji wanabaki. Kivuko kitakuwa kimoja, kitandikwe mawe, na Nkwabi alikubali mbele ya watu. Mfereji utazibwa maji yakipungua. Bwana Evod alikuja mwenyewe kutoka Ifakara, akavua viatu na soksi, akazama tope mpaka magotini na kutoka anang'aa kama mtoto. Amechora mfereji mdogo wenye mlango wa mbao wa kutoa maji kwenye mashamba ya juu. Venance anasema ataamini akiuona. Ni haki yake.

Waliopinga wapo, na watatu bado hawanisalimii.

18 Mei

Mavuno. Mikono yangu imejaa malengelenge na nimegundua kwamba sijui kushika mundu. Mama Marsiana analima kwa muda sehemu ya dada yake. Ananicheka kutwa nzima.

21 Juni

Leo! Leo leo leo.

Kwa wiki nzima kijiji kimekuwa mtoni. Vigingi vya mianzi vimepigwa safu mbili kukata mdomo wa mfereji, katikati viroba vya mchanga na udongo wa kichuguu. Maksai wa Nkwabi walivuta mawe. Kikundi kingine kilifyeka na kuchimbua mdomo wa njia ya zamani ya mto, ule upinde uliokauka. Minza na mimi tulikuwa kwenye kikundi cha kufyeka, sasa tuna uzoefu.

Kiroba cha mwisho alikitupa Venance. Maji yalijigonga kwenye ukuta, yakarudi nyuma, yakazunguka kama ng'ombe anayetafuta mlango wa zizi. Yakapanda. Ukuta ulivuja kidogo, watu wakarukia na udongo. Nkwabi na Venance walikuwa wanabishana kuhusu siku za kuvusha mifugo, kila mmoja upande wake wa ule mdomo wa zamani, mpaka maji yakawafika miguuni na wote wawili wakatazama chini.

Yakaingia.

Hayakuja kwa fujo. Yalitangulia na povu na majani makavu, ulimi mmoja mwembamba unaonusa njia, unaingia kila shimo na kulijaza kabla ya kuendelea. Panzi waliruka mbele yake. Watoto wakaanza kutembea sambamba nao, kisha kukimbia, kisha watu wazima nao. Nilikuwa na nondo mpya begani za kuchomeka kwenye kingo zile. Nilizitupa chini na kukimbia. Minza alikuwa mbele yangu, khanga imefungwa kiunoni. Bwana Evod alikuwa nyuma anaita, "Pimeni! Mtu apime!" na hakuna aliyepima.

Pale njia ya zamani inapoungana tena na mto palikuwa na tuta la mchanga. Maji yalifika hapo, yakasimama. Sote tukasimama. Yakajaa taratibu nyuma ya tuta, yakapanda, yakapanda. Tone moja likapita juu. Halafu tuta likapasuka katikati, na Lwambasa ikateremka kwenye njia yake, maji yanaonyesha mchanga wa chini.

Kigelegele cha kwanza alipiga Mama Marsiana. Cha pili nilipiga mimi.